Zamu ya Kwanza Mashineni

Mtu mmoja alikuwa na mashine ya kusaga, na mlima mzima haukuwa na nyingine. Ilikuwa ya mawe mawili, moja limelala na moja linazunguka kwa nguvu ya maji. Mto ule ulikuwa na poromoko moja tu lenye kishindo cha kusukuma gurudumu, na poromoko hilo lilikuwa ndani ya shamba aliloachiwa na baba yake. Mcharo ndilo jina lake. Asiyetaka kusaga kwa Mcharo alikuwa na hiari ya kujitwika gunia, akateremka nalo mpaka tambarare, akalala huko, akapanda nalo kesho yake. Hiari hiyo kila mtu alikuwa nayo. Hakuna aliyeitumia mara mbili.

Mcharo hakuwa mtu mbaya, na atakayemsimulia kama mtu mbaya atakuwa ameikosea hadithi. Alikuwa mpole wa maneno, na mashine yake aliitunza. Hakutoza fedha. Kila aliyesaga aliacha sahani moja ya nafaka yake katika pipa lililokuwa karibu na mlango, na sahani ilikuwa ileile kwa wote, mwenye ng'ombe na asiye na kuku. Watu walisema, "Huyu anatusaidia," na kweli aliwasaidia. Kabla baba yake hajaijenga ile mashine, wanawake wa mlima ule walisaga kwa jiwe la mkono mpaka viganja vikaota sugu.

Mashineni palikuwa na adabu yake. Unga wa kwanza wa siku ndio uliopendwa, kwa kuwa asubuhi mawe huamka baridi, na unga uliosagwa na mawe baridi hukaa muda mrefu bila kuchacha. Mchana mawe yakishapata moto, unga hutoka na joto kama la kikombe cha chai, na ukifungwa hivyo hivyo hauchelewi kunuka. Kwa hiyo zamu ya kwanza haikugombewa, ilitolewa. Alipewa mgeni, alipewa mfiwa, alipewa mama aliyetoka uzazini. Mwenye mashine alisimama mlangoni, akamtaja mtu, akasema, "Tangulia," na aliyetajwa alishukuru. Kuikataa zamu hiyo kulikuwa sawa na kumtukana mwenye mashine. Ila palikuwa na njia moja ya kuirudisha bila matusi: aliyepewa aliweza kumwambia aliyempa, "Tangulia wewe." Hapo mpaji hakuwa na la kusema, maana ni heshima yake mwenyewe inamrudia, na mtu hakatai heshima yake mbele za watu. Wazee wa zamani walifanyiana hivyo kwa utani. Siku hizo ilikuwa karibu imesahaulika.

Katika waliosaga hapo alikuwemo mjane mmoja, Nakiete, ambaye watu walimwita Mama Eliamani kwa jina la binti yake pekee. Eliamani aliolewa tambarare, na mumewe alikuwa kijana mwema. Alikuwa amekwisha kusema, "Mama, chumba kipo, njoo upumzike." Nakiete alishukuru na hakwenda. Alijua kinachomsubiri. Mama katika nyumba ya mkwewe hapiti mbele yake, hali naye meza moja, hacheki kwa sauti. Anaishi kwa kuambaa ukuta. Nakiete alijiambia kwamba maadamu unga wake unanunuliwa atabaki kwake, penye migomba aliyoipanda na marehemu, ambako anakohoa anavyotaka.

Unga wenyewe ulikuwa wa uji wa watoto wanaoachishwa ziwa. Aliloweka ulezi, akauacha uchipue kidogo chini ya majani ya mgomba, akauanika, akausugua mikononi mpaka vichipukizi vikadondoka, kisha akauchanganya na mtama mweupe na mbegu za maboga zilizokaangwa. Kipimo alikipata kwa mama wa mumewe, ambaye hakukitamka kwa mdomo. Alimshika mkono akautia ndani ya kikapu, akamwambia, "Sikia hapo. Mkono ukijaa hivi, acha." Uji wa unga huo ulikuwa mlaini, na mtamu bila sukari, na mtoto aliyekataa kila kitu aliukubali. Siku ya soko Nakiete hakuita wanunuzi. Aliketi tu, nao wakaja.

Sasa, kila aliposaga aliacha sahani yake katika pipa kama wenzake. Na katika sahani ya Nakiete ulikuwamo ulezi, na mtama, na mbegu za maboga, kwa kipimo kilekile. Mke wa Mcharo aliitandaza siku moja juu ya ungo, akaitenganisha punje kwa punje. Msimu uliofuata ukaonekana sokoni unga wa Mcharo wa uji wa watoto, ndani ya mifuko iliyoshonwa vizuri.

Namkunda, jirani yake Nakiete, alimletea habari hiyo akiwa amejishika kiuno.

"Mama Eliamani, wamekuibia mkono wako."

"Ulezi ni wa Mungu," Nakiete akajibu. "Na mimi nilifundishwa na mtu."

"Ulifundishwa. Hukuchungulia kwenye pipa."

Nakiete alicheka, na jambo likaishia hapo. Kuuza uji hakukukatazwa na yeyote. Soko lilitosha wawili, na wenye ndimi za kuonja walisema wa Nakiete bado ulikuwa mlaini zaidi.

Ila tangu wakati huo Mcharo alizidi kumheshimu. Asubuhi moja, siku iliyotangulia soko, vikapu vikiwa vimepangwa mlangoni, Mcharo alitokea na unga kwenye nyusi, akatupa macho juu ya watu wote, akasema, "Mama Eliamani, tangulia."

Nakiete aliona haya. Hakuwa mgeni, hakuwa na msiba mpya, na mambo ya uzazi yalikwisha kumpa kisogo. Lakini alishukuru kama inavyopasa, akajitwika kikapu chake, akapita mbele ya wenzake. Nyuma yake wanawake walicheka chini kwa chini.

"Jiangalie, jirani," Namkunda akamwambia walipokuwa wakirudi. "Leo zamu ya kwanza, kesho utasikia wazee wameketi kwako na posa."

"Na mke wake amweke wapi?"

"Amweke kwenye pipa."

Walicheka mpaka wakatua mizigo.

Unga wa siku hiyo ulikuwa na mchanga.

Haukuwa mwingi. Haukuonekana kwa macho wala haukushikika kwa vidole. Ulisikika jinoni tu, na kwa mtoto asiye na meno ulijulikana kwa jinsi alivyokunja uso na kukisukuma kijiko kwa ulimi. Akina mama walimrudia Nakiete soko lililofuata, wengine kwa upole, wengine kwa kumtupia maneno. Nakiete aliwapa unga mwingine bila kubishana, akarudi nyumbani akijilaumu. Aliona ni pale anapoanikia. Akauhamisha mkeka kutoka uwanjani, akaupandisha juu ya kichanja. Akauosha ulezi kwa maji yanayotembea. Akatupa ungo wa zamani, akatafuta mwingine.

Mara iliyofuata alisaga katikati ya foleni kama watu wengine, na unga ulikuwa safi. Akamshukuru Mungu kwa ule ungo. Kisha akaitwa tena atangulie, na mchanga ukarudi. Akaona hakuosha vizuri.

Hapo akashika desturi ya kupika uji na kuonja kabla ya kwenda sokoni. Siku unga ukiwa na mchanga aliumwagia kuku, akaenda sokoni mikono mitupu ili watu wasidhani amekufa. Akina mama waliokosa unga wake hawakurudi na vikapu vitupu. Walisogea kidogo tu, wakafika alipoketi Mcharo. Wa Mcharo haukuwa na mchanga hata siku moja.

Mcharo mwenyewe hakumsema vibaya. Siku Nakiete alipomweleza taabu yake, alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Labda unaanika karibu na njia, mama. Ng'ombe wakipita, vumbi linaruka mbali."

"Nimehamia juu ya kichanja, Mzee Mcharo."

"Basi jaribu kuchekecha. Nitamwambia mke wangu akuazime chekeche lake."

Akamwazima kweli. Nakiete alichekecha mpaka mabega yakamuuma. Mchanga ulikuwa mwembamba kama unga wenyewe, ukapita nao.

Maneno yakaanza mtoni, wanawake wakifua. Wengine walisema Mcharo anamtilia mjane mchanga makusudi ili abaki peke yake sokoni. Wengine walisema hayo ni maneno ya watu wasio na kazi. Nani atie mchanga katika mawe yake mwenyewe ayaharibu? Tena jiwe halina macho. Litajuaje kwamba huu ni ulezi wa Nakiete na ule ni wa Namkunda? Na kila mabishano yalipopamba moto, palitokea mtu wa kuyazima kwa swali moja, nalo lilikuwa hili: kama anamchukia, mbona anampa zamu ya kwanza? Hapo kila mmoja alirudia kufua nguo zake.

Hata wanaume wawili walikwenda kutazama. Mcharo aliwafungulia bila kununa. Aliwaonyesha mawe, akawaonyesha sanduku la kumiminia nafaka, akawaacha wapapase kila pembe. Hapakuwa na mchanga wala chombo cha kuwekea mchanga. Nyuma ya mlango palikuwa na kikapu cha pumba, kama kilivyokuwa tangu enzi za baba yake. Wanaume wakarudi wakasema hakuna kitu. Nao walisema walichokiona.

Msimu ukaenda hivyo. Ghala la Nakiete likapungua upande mmoja kwa kuku na upande mwingine kwa kurudishia watu unga wao. Akabakiwa na ulezi wa kujaza kikapu kimoja cha kupeleka mashineni, na mavuno yalikuwa bado mbali. Kutoka tambarare zikaja salamu za mkwe: chumba kimepakwa chokaa. Nakiete alizipokea, akaketi kizingitini akiitazama migomba yake kama mtu anayeagana na wageni.

Kabla hajausaga ulezi huo wa mwisho, alitoa kidogo tu cha kujaribia, akapanga kwenda mashineni siku iliyotangulia soko. Asubuhi hiyo akachelewa. Mbuzi wake alikuwa akizaa na mtoto amekaa vibaya, na mtu hawezi kumwacha mnyama katika hali hiyo. Alipofika mtoni jua lilikuwa limeshauvuka mlango wa mashine. Alitarajia kukuta watu wanamalizia ili ashike mkia. Akakuta mashine imesimama. Maji yamefunguliwa yapite pembeni, vikapu vyote vimejaa, na watu wameketi juu ya nyasi na nyuso zilizochoka.

"Umelala na nani?" Namkunda akamuuliza. "Sisi hapa tumeota mizizi."

"Mnangoja nini?"

"Tunakungoja wewe. Mzee amesema zamu ya Mama Eliamani haichukuliwi na mtu."

Mcharo akatokea mlangoni, mpole kama siku zote. "Tangulia, mama. Tulijua utafika."

Nakiete aliingia akiwa ameinamisha kichwa kwa aibu na shukrani. Njiani kuingia aliyaona magunia ya Mcharo mwenyewe, yameegemezwa ukutani, nayo yanangoja kusagwa kwa ajili ya soko la kesho. Alisaga, akaacha sahani yake, akaenda nyumbani, akapika uji, akaonja.

Mchanga ulikuwamo. Alikaa na kijiko mkononi mpaka uji ukaganda.

Alikuwa amezoea kujiuliza kuhusu mkeka, na ungo, na maji. Safari hii mawazo yake yalikwenda kwa yale magunia ukutani. Mtu awakalishe watu wa mlima mzima kwenye nyasi, sawa, huenda ni heshima. Lakini awakalishe na magunia yake, kesho ni soko? Heshima ya ukubwa huo Nakiete hakupewa hata na mumewe. Akaanza kukumbuka siku alizoitwa atangulie, moja baada ya nyingine, na siku alizopanga foleni bila mtu kumtazama. Akakumbuka kwamba kila alipoitwa, mchana wa jana yake mashine ilikuwa imefungwa. Na ilifungwa kwa jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelifikiria, kama watu wasivyofikiri kwamba kucha zinakua: mawe yalikuwa yanachongwa. Mawe yakisaga sana huwa butu. Mcharo huyainua, akachonga upya mifereji yake kwa patasi na nyundo, na kesho yake yanasaga vizuri.

Maana yake Nakiete hakuijua. Mambo ya mawe hayakuwa yake. Alijua tu kwamba heshima yake ina siku zake.

Alipomwambia Namkunda, huyo alikwisha kufunga kanga kiunoni. "Amekusudia. Twende sasa hivi nikamwambie mbele ya mke wake."

"Utamwambia nini? Kwamba ananiheshimu mno?"

Namkunda akaifungua kanga, akaketi.

Baada ya siku kadhaa mashine ikafungwa tena mchana. Nakiete akaupakia ulezi wake wa mwisho kikapuni, akautia mkono kuupima, ukajaa kama unavyopaswa kujaa. Asubuhi akawahi. Watu walikuwa wengi. Mcharo akasimama mlangoni, akatupa macho juu yao, na macho yake yakafika yalikokuwa yakienda siku zote.

"Mama Eliamani, tangulia."

Nakiete akautua mzigo wake miguuni pa Mcharo. Akajifunga vizuri kanga yake.

"Mzee Mcharo," akasema, "leo tangulia wewe."

Mzee mmoja nyuma akaguna kwa furaha. Alikuwa hajalisikia neno hilo tangu ujana wake. Mcharo akacheka. "Aa, mama. Mimi ni mwenye nyumba." Yule mzee akasema, "Pokea, Mcharo. Ni heshima yako hiyo," na wengine wakaitikia, pokea, pokea, bila ubaya wowote, kama watu wanaomsukumia bwana harusi kiti. Mcharo aliyatazama magunia yake ukutani, yakiwa yamekwisha kuchanganywa na kuwa tayari kwa soko. Akainua gunia moja, akapanda nalo ngazi mpaka kwenye sanduku la kumiminia.

Kisha akalitua, akashuka. Mkono wake ukaenda nyuma ya mlango, ukakitoa kile kikapu cha pumba. Akapanda tena, akazimimina pumba, akafungua maji, mawe yakazunguka. Pumba zikatoka chini zikiwa za kijivu. Akamimina nyingine, nazo zikatoka na ukijivu kidogo. Akamimina tena, zikatoka na rangi yake ya kawaida. Akakirudisha kikapu mahali pake, akainua gunia lake. Yote hayo aliyafanya kama mtu anavyopangusa miguu kabla ya kuingia ndani mwake, bila kujiuliza. Alipogeuka ndipo alipoona watu wote wanazitazama pumba za kijivu.

"Pumba za nini, Mzee?" Namkunda akauliza.

"Za kusafishia. Jiwe likichongwa hubaki na vumbi lake kwenye mifereji. Baba alifanya hivi siku zote." Alisema kwa utulivu, kama anayemjibu mtoto. Maneno yalipokwisha kutoka ndipo na yeye alipoyasikia.

Nakiete akainama, akachota pumba za kijivu kwa ncha za vidole, akazitia ulimini. Aliujua mchanga ule jinoni kama anavyoijua sauti ya binti yake.

"Kumbe siku zote hizo," akasema, "pumba zako zilikuwa unga wangu."

Mcharo aliapa kwamba hakukusudia. Aliapa kwa baba yake, na hakuonekana mwongo. "Nilisahau, mama," akasema. "Haki ya Mungu, nilikuwa nasahau." Watu wengine waliamini, wengine hawakuamini, na waliobishana mtoni wakaendelea kubishana. Nakiete hakuwa upande wowote. Labda ni kweli Mcharo hakuwahi kukaa kitako akasema moyoni, acha nimmalize mjane. Labda alijua tu, kwa kujua kule kwa mkono, kwamba unga wa kwanza baada ya kuchonga haufai kuwa wake, kwamba lazima uwe wa mtu fulani, na jina jepesi kulitaja mlangoni lilikuwa la Nakiete. Pipa lina mfuniko, mtu akaufunua akaona ndani. Moyo hauna.

Basi watu wa mlima hawakuuhukumu moyo wake. Waliweka desturi. Jiwe likichongwa, wa kwanza kusaga awe mwenye mashine, na unga huo apike uji aunywe palepale, watu wakimtazama. Kikapu cha pumba kikatolewa nyuma ya mlango kikawekwa mbele, na hakikusahauliwa tena, wala hapakuwa na haja ya kuuliza nani alikuwa akisahau nini. Sahani waliendelea kuiacha katika pipa, kwa kuwa poromoko lilikuwa bado moja. Ila tangu siku hiyo kila mmoja alipoiacha aliitazama.

Nakiete alisaga wa pili asubuhi ile. Kesho yake sokoni hawakurudi wote. Baadhi ya akina mama walikuwa wameshaizoea mifuko ya kushonwa, na mazoea ni mazoea. Waliorudi walitosha. Naye akatuma salamu tambarare: mwambieni mkwe wangu nashukuru kwa chokaa, chumba akiwekee mahindi. Kisha akafunga mlango wake, akakohoa anavyotaka.

Mfano huu ni wenu ninyi mnaotembea na mashine mfukoni. Ikiwa aliyeiunda simu, au mwenye soko la programu lililo ndani yake, anauza na programu zake humohumo bega kwa bega na za wengine. Ikiwa kila anapoyachonga mawe yake, yaani anapousasisha mfumo, programu ya jirani inakwama na yake inapita. Na ikiwa akiulizwa anasema hakukusudia, msijichoshe kumfunua moyo. Ulizeni hili tu: mtu anayelikumbuka lake kila mara, na kulisahau la mwenzake kila mara, huko nako ni kusahau?